Risasi za kulungu huku Minnesota: nilivyokosea mimi, na wewe ununue zipi

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umehamia Minnesota, mwenzako wa kazini kakualika mwindo wa Novemba, bunduki atakuazima yeye, ya kaliba .308 (kaliba ni kipenyo cha risasi, kwa inchi), risasi ujinunulie. Ukaingia dukani, ukakuta ukuta mzima wa maboksi, ukatoka mikono mitupu. Hapo juu mdau mmoja kakwambia chukua zile za kijeshi, bei poa. Mwingine kasema achana na .308, tafuta magnum, yaani zile zenye baruti nyingi na nguvu zaidi. Kwa heshima zote, wa kwanza anakupeleka mikononi mwa askari wa wanyamapori, na wa pili anataka kukuteguza bega.

Mimi ni mtu wa Morogoro, huku nina misimu tisa ya kuwinda. Nyumbani sikuwahi kushika bunduki hata siku moja, kwa hiyo usione haya kuuliza. Na tuelewane kabisa: tukisema kulungu hapa siyo yule wa milima ya Uluguru. Huyu ni wa mkia mweupe, jamii ya yule ayala wa Zaburi, dume lake linaangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Dume lililokomaa huku ni kama kilo 77, jike kama 65. Yaani ni mnyama wa uzito wa binadamu, siyo nyati. Ukilishika hilo kichwani, nusu ya kelele za dukani zinajifia zenyewe.

Sasa risasi yenyewe. Watu wanabishana kaliba mpaka usiku wa manane, wakati kinachofanya kazi ndani ya mnyama ni kile kichwa cha risasi na jinsi kilivyoundwa. Ganda, baruti na fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) kazi yake ni kukifikisha tu. Kichwa cha kijeshi, kile cha herufi FMJ kwenye boksi, kimevishwa shaba mbele kote. Kinaingia kama msumari na kutoka kama msumari. Kulungu aliyetobolewa hivyo anaweza kukimbia mbali sana, anafia kichakani, na wewe humpati. Ndiyo maana sheria ya Minnesota inataka kichwa chenye ncha laini au cha aina inayotanuka, kaliba isiyopungua .22, na risasi iwe ya fataki ya katikati ya kitako. Wisconsin hapo jirani nao wamekataza zisizotanuka. Kwa hiyo zile za bei poa ni za kutobolea karatasi, basi.

Unachotaka ni kichwa ambacho madini yenyewe ya risasi, yale laini ya kijivu, yamejitokeza kwenye ncha; mara nyingi kwenye boksi kimeandikwa SP au JSP, yaani ncha laini. Kikigonga, ncha inafunguka na kukunjika kurudi nyuma mpaka kinakuwa kama uyoga, upana wake karibu mara mbili ya mwanzo. Nimewahi kukitoa kimoja chini ya ngozi ya upande wa pili wa jike nililompiga. Nilikiosha kwa maji ya bomba, nikakiweka kiganjani: shaba imechanika vipande kama maganda ya ndizi, katikati donge la madini ya risasi limebonyea. Bado ninacho, kipo kwenye kikombe jikoni pamoja na funguo.

Core-Lokt ya Remington ipo sokoni tangu 1939 na inauzwa mpaka leo. Kuna Power-Point ya Winchester, kuna Power-Shok ya Federal, hao ambao kiwanda chao kipo Anoka, hapa hapa Minnesota. Yoyote kati ya hizo, kwa .308, uzito wa greni 150, inakutosha. Greni ni kipimo chao cha uzito wa kichwa; 150 ni kama gramu 9.7. Inatoka mtutuni kwa mwendo wa karibu meta 860 kwa sekunde, na kwa msitu wa huku ambako mara nyingi unapiga ndani ya meta mia, huhitaji zaidi.

Kuna zenye ncha ya plastiki, nyekundu au ya rangi nyingine, zinavutia kwenye picha. Siyo mbaya. Nyingi zinafunguka haraka sana, na ukimpiga karibu kwenye mfupa wa bega unakuta bega zima limekuwa damu iliyoganda, nyama ya kumtupia mbwa. Mimi nawinda kwa ajili ya friza, kwa hiyo sizipendi. Halafu kuna zilizoandikwa "Match". Bei yake kubwa, na mgeni anadhani ghali ndiyo bora. Hizo ni za mashindano ya shabaha, hazikuundwa zitanuke kwa mpangilio ndani ya mnyama. Waachie wenyewe.

Kosa langu halikuwa hata kwenye aina. Nilinunua aina nzuri kabisa. Msimu wangu wa pili nilikuwa nabana matumizi, nikapima shabaha ya bunduki yangu kwa risasi za FMJ za greni 147, maana boksi moja la uwindaji lenye risasi 20 lilikuwa bei ya maboksi mawili ya zile. Nikafyatua mpaka matundu yote yakawa katikati ya karatasi, nikajiona fundi. Asubuhi ya ufunguzi nikajaza magazini kwa zile za ncha laini, greni 180, sijafyatua hata moja kati yake.

Jioni akatoka jike, yadi kama tisini, amenigeuzia ubavu. Nipo juu ya dungu, nimetulia, mkono hautetemeki. Nikalenga usawa wa moyo, chini kidogo kifuani. Bunduki ikalia, jike akaruka, akaingia msituni. Nilipofika pale aliposimama nikakuta kishungi cha nywele ndefu nyeupe, na matone manne ya damu kwenye majani makavu. Nikampigia mzee jirani aliyenifundisha kuwinda. Akaja na tochi, akachutama, akaokota zile nywele, akazisugua kati ya vidole. Hakunifokea. Akasema nyeupe hizi ni za chini, umemkwangua kidari. Tukafuata mpaka saa nne usiku. Kesho yake nikarudi peke yangu, nikazunguka mpaka adhuhuri, sikumpata.

Jumatatu nikaenda uwanja wa shabaha na zile zile za greni 180. Kwenye yadi mia zilipiga inchi tatu chini na mbili kushoto ya zile za mazoezi. Bunduki moja, mlengaji mmoja, darubini haijaguswa. Kichwa kizito kina mwendo mwingine, na mtutu wenyewe hutikisika tofauti kwa kila aina ya risasi. Nilikuwa nimelenga sawasawa kwa risasi ambayo haikuwemo kwenye bunduki.

Kwa hiyo ukinunua, nunua maboksi mawili ya aina moja, uzito mmoja, na kama unaweza yenye namba ya toleo inayofanana, ile iliyogongwa kwenye mdomo wa boksi. Moja lipeleke uwanjani. Fyatua tatu tatu, acha mtutu upoe katikati, maana ukiwa wa moto unakudanganya na wakati wa kuwinda risasi yako ya kwanza itatoka kwenye mtutu wa baridi. Ukiona tatu zimeingia ndani ya duara la kikombe cha chai kwenye yadi mia, imetosha. Mapafu na moyo wa kulungu ni shabaha ya upana wa sahani. Ukishamaliza pale mezani, simama, kaa chini, egemea mti, fyatua hivyo. Msituni hakuna meza. Ikitokea bunduki hiyo haiipendi aina uliyonunua, na hili lipo sana, matundu yakitawanyika hovyo, badilisha aina. Bunduki mbili pacha za kiwanda kimoja zinaweza kupenda risasi tofauti.

Kuhusu kaliba sitachelewa, maana umeshaazimwa. .308 ilitoka 1952, .30-06 ya 1906, .270 ya 1925, 6.5 Creedmoor ya 2007. Kulungu hawezi kukwambia amepigwa na ipi. .243 ya 1955 kwa greni 95 au 100 ni nzuri kwa mtu mwepesi au kijana, haipigi bega, ila inadai ulenge vizuri. Huyo mzee jirani anatumia .30-30, ya mwaka 1895, bunduki yenye ule mkono wa kushusha chini kama kwenye sinema za makauboi, na friza lake halijawahi kukauka. Angalizo moja hapo: bunduki nyingi za aina hiyo hupanga risasi kwenye bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Ncha kali ya chuma au shaba inaweza kuifyatua humo humo. Ndiyo maana zake zina pua butu, au ncha ya mpira laini iliyoundwa maalumu.

Magnum? .300 Winchester Magnum ni risasi ya maana kwa mnyama mkubwa na umbali mrefu. Kwako wewe itakufundisha kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, na tabia hiyo ukishaizoea kuiacha ni kazi. Nimeona mtu mzima, mwili jumba, anapeleka risasi kwenye udongo meta tano mbele yake kwa sababu ya woga wa bega.

Jambo la kufa na kupona: soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, soma boksi, soma kitako cha ganda. Vyote vitatu vifanane. Usiseme "inaingia, basi ni yenyewe". .300 Blackout inaweza kuingia kwenye bunduki ya .223, na ukifyatua bunduki inapasuka usoni kwako.

Kama una watoto wadogo nyumbani, fikiria vichwa vya shaba tupu visivyo na madini ya risasi ndani. Zile za kawaida zikifunguka zinamwaga chembe ndogo kwenye nyama, nyingine huzioni kwa macho wala huzisikii kwenye meno. Mwaka 2008 North Dakota waliondoa nyama ya kulungu ya msaada kwenye maghala ya chakula baada ya kukuta chembe za madini ya risasi, na California wamepiga marufuku kabisa vichwa vyenye madini hayo kwenye uwindaji tangu Julai 2019. Mimi nilihamia shaba mke wangu alipokuwa mjamzito. Ni ghali zaidi, na zinahitaji mwendo mkubwa ndipo zifunguke, kwa hiyo chagua nyepesi: kwenye .308 natumia greni 130 au 150, na sipigi mbali. Ukibaki na za kawaida, kata na utupe nyama pana kuzunguka jeraha, usiionee huruma.

Nimeona pia umeuliza kama nyama ya kuwinda inafaa kwa Muislamu. Shemeji yangu wa Tanga tunawinda naye. Yeye husema Bismillahi kabla ya kufyatua, na kisu kipo kiunoni, akimkuta bado hai anamchinja. Yeye kaliuliza kwa imamu wake, nawe ulize kwa wako, mimi ni Mlutheri. Nachojua ni kwamba nyama yake ina mafuta kidogo sana, ukiipika kama ya ng'ombe inakuwa kandambili. Ichemshe taratibu, halafu tui la nazi zito.

Karatasi sasa, maana wabongo tunaponzwa na karatasi kuliko risasi. Kama una greencard, sheria ya shirikisho haikuzuii kwa sababu ya hadhi yako ya uhamiaji. Kama upo kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kushika bunduki au hata risasi ni kosa la shirikisho isipokuwa uwe ndani ya vighairi, na leseni halali ya uwindaji ni mojawapo. Hapo usitegemee maneno yangu wala ya mwenye duka, muone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujagusa hata boksi. Minnesota wanataka cheti cha mafunzo ya usalama kwa kila aliyezaliwa baada ya Desemba 31, 1979, halafu leseni ya kulungu, na nguo ya rangi ya machungwa inayowaka au ya waridi inayowaka. Kusini mwa jimbo kwa miaka mingi ilikuwa ni shotgun tu, rifle (kama hiyo ya .308) hapana, na sheria hiyo imekuwa ikibadilishwa. Fungua kitabu cha kanuni cha mwaka huu uangalie kaunti ile hasa mtakayowinda, usiangalie cha mwaka jana.

Muombe huyo mwenzako muende uwanjani mapema, Septemba au Oktoba, kabla foleni haijawa ndefu na maboksi ya greni 150 hayajaisha kwenye rafu. Bunduki ukishaishika, piga picha yale maandishi ya kwenye mtutu na karatasi yako ya shabaha, uweke hapa tuangalie zimeangukia wapi.