Maswali ya Wasomaji: Mnyama wa Kubuni na Desturi Zake

Swali: Ninachora hadithi ya picha kuhusu mnyama niliyembuni mwenyewe na kumwita ngolovi. Ni nusu paka na nusu korongo, ana ukubwa wa punda, anaruka, anatema moto na makazi yake ni mikokoni. Nimempa mfalme, jeshi na bendera, lakini wenzangu wakimtazama husema ni simba aliyebandikwa mabawa. Nifanye nini ili awe mnyama mpya kweli, mwenye utamaduni wake mwenyewe?
*Msomaji wa Tanga*

Jibu: Wenzako wameona kasoro, ingawa nadhani hawakuieleza vizuri. Ngolovi amejaliwa viungo vingi kupita kiasi, na hakuna hata kimoja anachokilipia. Kiumbe wa kubuni huaminika pale msomaji anapoona kwamba kila alichopewa kimemgharimu kitu kingine. Chukua mabawa. Ukimkuza mnyama hadi urefu wake uwe maradufu bila kubadili umbo lake, eneo la mabawa litaongezeka mara 4 ilhali uzito utaongezeka mara 8, na ndiyo sababu ndege wakubwa hupata taabu kuinuka ardhini. Tandawala dume, ambaye ni miongoni mwa ndege wazito zaidi wanaoruka duniani, hufikia takriban kilo 18, na hata yeye hupendelea kutembea. Punda aliyekomaa huzidi kilo 100. Kwa hiyo ama umpunguze ngolovi awe na kimo cha mbwa mdogo, ama umwachie mabawa na kumnyang'anya kuruka.

Mimi ningechagua njia ya pili, kwa kuwa umekwisha kumtia damu ya korongo. Yuko korongo mweusi wa Afrika ambaye, akivua kwenye maji ya kina kifupi, huinamisha kichwa na kuyaleta mabawa yake mbele mpaka yanakutana na kumfunika pande zote kama mwavuli. Hukaa hivyo sekunde chache, huyafunua, hupiga hatua kadhaa, kisha hujifunika tena. Kivuli hicho humwondolea mng'ao wa jua juu ya maji, na huenda pia kikawavuta samaki wanaotafuta pa kujificha. Mnyama wa miguu minne anayewinda kwa kutandaza giza lake mwenyewe mchana kweupe hatafananishwa na simba. Moto uuache, sioni angeunguza nini mahali ambapo kila kitu kimelowa.

Umechagua mikoko, lakini hujaitumia. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufikia takriban mita 4 huko Zanzibar, kisha maji mafu yakiingia hupungua sana. Mnyama anayekula kaa koko na chaza hufuata saa ya maji, ambayo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, hivyo mlo wake ukiangukia adhuhuri na usiku wa manane wiki hii, wiki ijayo huangukia alfajiri na jioni. Kinda wa ngolovi asiyezijua siku za bamvua atathubutu kwenda mbali na miti, na maji yatamkuta matopeni akiwa na mabawa yasiyoweza kumwokoa. Hapa pana maarifa ambayo mtoto hazaliwi nayo, na ambayo bibi anayo kuliko mama. Utamaduni wa ngolovi uanzie hapo.

Mfalme, jeshi na bendera ni mavazi ya binadamu uliyomkopesha. Watafiti wa wanyama huita utamaduni ile desturi inayofundishana ndani ya kundi moja, ambayo kundi jingine la wanyama walewale halina, na tofauti hiyo haielezwi na damu wala na mazingira. Sokwe mtu wa Mahale, wakichambuana manyoya, hushikana mkono mmoja mmoja na kuiinua mikono hiyo juu ya vichwa vyao, huku kila mmoja akimchambua mwenziwe kwapani kwa mkono uliobaki. Watafiti walipowalinganisha katika miaka ya 1970 na wale wa Gombe, walio kwenye ufuko uleule wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, hawakuikuta desturi hiyo kule. Basi gawa ngolovi wako koo mbili zinazotenganishwa na mkondo mmoja: wa kaskazini wavunje chaza kwa mawe, wa kusini wayaone mawe yaleyale na wasiyaguse kamwe.

Kisha amua ni nani anayehama ukoo akikomaa, jambo ambalo wabunifu wengi hulisahau na ambalo mimi naliona kuwa la maana kuliko rangi ya manyoya. Kwa sokwe mtu, kwa kawaida jike ndiye anayehama. Kwa fisi madoadoa huhama dume, naye hufika ugenini akiwa wa mwisho kwa cheo, katika jamii inayotawaliwa na majike, ambamo mtoto hurithi nafasi iliyo chini kidogo ya ile ya mama yake. Ukiamua kwamba jike wa ngolovi ndiye anayevuka mkondo, utakuwa na mama wa kusini anayelea watoto miongoni mwa wavunja chaza, akiwa hajui kutumia jiwe, na watoto wake wakimtazama. Hapo hadithi imekwisha kuanza, tena bila jeshi.

Swali: Je, ni lazima nimtungie mnyama wangu lugha yenye kamusi?
*Msomaji wa Nakuru*

Jibu: Si lazima, na mara nyingi kamusi humchosha mtunzi kabla hajaandika ukurasa wa kwanza. Wapo fuko wasio na manyoya, wanaoishi chini ya ardhi nchini Kenya, Ethiopia na Somalia, katika makundi yenye malkia mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kila kundi lina lafudhi yake ya mlio wa salamu, kwamba kinda akihamishiwa kundi jingine hujifunza lafudhi ya wenyeji, na kwamba malkia akipotea lafudhi hiyo hulegea mpaka apatikane mwingine. Salamu moja tu imebeba uraia, malezi na utawala. Mpe mnyama wako mlio mmoja au harufu moja, na uamue hutumika lini, kwa nani, na ni nani hana ruhusa ya kuutoa.

Swali: Kuna ubaya kuchota kutoka kwa zimwi na nunda wa hadithi za bibi?
*Msomaji wa Morogoro*

Jibu: Hakuna, ila usichote umbo peke yake. Nunda anatisha kwa sababu alianza akiwa paka wa Sultani, akala kuku, akala mbuzi, na kila paka alipolalamikiwa, Sultani alisema paka ni wake na kuku ni wake. Ukichukua kucha zake na kumwacha Sultani, utabaki na paka mkubwa.