Chupa Iliyofungwa Haitoshi: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Akiba ya Chakula

SWALI: Assalaam alaykum, Bi Mshauri. Mimi ni mkaazi wa Langoni, Lamu. Kila msimu wa kaskazi, maembe yanapojaa, hutengeneza achari nikaitia katika chupa za vioo, nayo hukaa hadi maembe ya mwaka unaofuata bila kuharibika. Kusi ikivuma, bahari huchafuka, wavuvi wengi hawatoki, na samaki huwa ghali. Nimefikiria kupika mchuzi wa nguru wa nazi wakati samaki ni wengi, niutie ungali moto katika chupa zile zile, nizifunge na kuzichemsha saa nzima ndani ya sufuria kubwa, ili niwe na kitoweo cha kusi. Jirani yangu asema kilichohifadhi achari kitahifadhi na mchuzi. Je, ni kweli?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Si kweli, na nakusihi usiufuate ushauri huo, kwa sababu hatari inayoweza kuwamo katika chupa ya mchuzi wa nazi ni ya kuua, wala haionekani kwa macho.

Achari yako haikulindwa na chupa. Imelindwa na ukali wa embe bichi, siki na chumvi, na chupa kazi yake ni kuzuia vumbi, nzi na ukungu tu. Wataalamu wa chakula hupima ukali huo kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho kadiri nambari yake inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi, na mpaka wa usalama wameuweka kwenye 4.6. Embe bichi na siki ziko karibu na 3, ilhali samaki na tui la nazi viko karibu na 6. Juu ya mpaka huo huweza kuota bakteria aitwaye Clostridium botulinum, anayepatikana udongoni na katika matope ya majini, ambaye hustawi mahali pasipo na hewa. Ukiutia mchuzi ndani ya chupa na kuifunga isipitishe hewa, umemtengenezea makao anayoyataka.

Utaniuliza kama kuchemsha saa nzima hakutamuua. Bakteria mwenyewe hufa, lakini mbegu zake hubaki hai. Maji yanayotokota huku kwetu pwani hayapiti nyuzi 100 hata uongeze makaa kiasi gani, na ili kuziangamiza mbegu hizo viwanda vya samaki wa mkebe hutumia nyuzi 121, ambazo hupatikana kwa mvuke ulioshinikizwa tu. Sufuria ya presha tunayopikia maharagwe haina kipimo cha kukuhakikishia kuwa joto hilo limefika katikati ya chupa na kudumu muda unaotakiwa, kwa hiyo siishauri kwa kazi hii. Chupa ikikaa kabatini mbegu huota na kutoa sumu, na mara nyingine mchuzi haubadiliki rangi wala harufu. Aliyeila sumu hiyo huanza kuona kitu kimoja kama viwili, kope zikalegea, ulimi ukawa mzito na kumeza kukawa shida, kisha misuli ya kupumulia ikalemaa. Dalili hizo aghalabu hutokea baada ya saa 12 hadi 36, na mwenye kuziona apelekwe hospitali papo hapo, bila kungoja asubuhi. Kwa sababu hiyo hiyo, kitunguu saumu kibichi kilichozamishwa katika mafuta kisikae nje ya friji.

Kitoweo cha kusi unacho tayari, nacho ni ng'onda na papa wa chumvi. Hapo mlinzi ni chumvi pamoja na ukavu, kwani bakteria asiyepata maji hawezi kuzaliana. Nunua samaki siku aliyovuliwa, mpasue mgongoni umfungue kama kitabu, toa matumbo na matamvua yote, na umwoshe kwa maji safi ya chumvi mpaka damu iliyoshikamana na mfupa iishe, kwa kuwa hapo ndipo uozo huanzia. Pima kilo moja ya chumvi kwa kila kilo tatu au nne za samaki, umsugue kila mahali, kisha uwapange tabaka juu ya tabaka katika chombo kinachoruhusu maji kutiririka. Wakishatoa maji usiku na mchana, waanike juu ya chanja iliyoinuliwa, si mchangani, wafunikwe kwa wavu wa kuzuia nzi, na waingizwe ndani kila jioni kabla ya umande. Upepo mkavu wa kaskazi utakufanyia nusu ya kazi.

Jihadhari sana na nguru, jodari na vibua. Samaki hawa wakikaa juani saa chache kabla ya kusafishwa, bakteria hutengeneza katika nyama yao sumu iitwayo histamini, ambayo haiondoki kwa chumvi wala kwa moto, na mlaji huwashwa, uso ukawa mwekundu na kichwa kikamgonga. Samaki aliyekwisha kulegea sokoni hafai kuokolewa kwa chumvi. Ni afadhali umwache.

Kusi ikiingia na unyevu wake, kagua akiba yako kila wiki na uianike tena siku yenye jua. Ukiona wekundu unaoteleza juu ya nyama, hao ni bakteria wanaopenda chumvi, ambao huletwa na chumvi ya bahari isiyosafishwa vizuri. Samaki huyo mtupe na chombo ukioshe kwa maji ya moto. Ng'onda aliye salama mroweke usiku kucha, ubadilishe maji, na mchuzi wa nazi uupike siku ile ile ya kuula.

SWALI: Bi Mshauri, shikamoo. Mimi ni kijana wa Msabaha, Malindi, na baba yangu ni mgema. Tembo linalobaki jioni huwa kali, wateja hawalitaki, na tunalimwaga. Nimeambiwa laweza kuwa divai ya kuuza katika hoteli za Watamu, au siki. Nilijaribu kulitia katika chupa za kioo nikazifunga kabisa, na mbili zikapasuka. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chupa zilipasuka kwa sababu tembo lilikuwa bado linachacha. Hamira ya asili iliyomo humo hula sukari ya utomvu ikatoa pombe na gesi ya kaboni, na gesi isipopata njia huvunja chochote kinachoizuia. Tembo, divai au maji ya matunda yanayochacha kamwe yasifungwe kabisa katika kioo, kwa kuwa vigae vyake huweza kupofua mtu.

Divai na siki huanza pamoja kisha zikaachana njia. Anayetaka divai hulazimika kuikinga na hewa baada ya gesi kwisha, na anayetaka siki huikaribisha hewa, kwa maana bakteria wanaogeuza pombe kuwa asidi hawafanyi kazi bila hewa. Mimi nakushauri ushike njia ya siki. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 inamtaka kila anayetengeneza au kuuza pombe awe na leseni, na hoteli haitanunua divai isiyo na karatasi. Zaidi ya hayo tembo halikai, lina haraka ya kuwa siki, na kulizuia ni kushindana na maumbile yake.

Lichuje kwa kitambaa safi, ulitie katika mtungi au chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ulijaze mpaka robo tatu tu, na ufunge mdomo kwa kitambaa chepesi kisichopitisha wadudu. Usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu asidi huila. Weka kivulini penye joto, usilitikise, nalo kwa wiki tatu au nne litageuka. Utando laini kama ngozi ya maziwa ukitanda juu, hiyo ni dalili njema, lakini ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, ni sababu ya kulimwaga lote. Likishakuwa siki kamili, ndipo uijaze chupa na kuifunga.

Ikiwa unatazamia wateja Waislamu, nao ni wengi hapa pwani, usiharakishe kwa kutia siki ya zamani wala kitu kingine, kwa kuwa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani huikubali siki iliyogeuka yenyewe bila kutiwa kitu. Na uwaambie wanunuzi wako jambo moja waziwazi: siki ya nyumbani haijulikani ina asidi kiasi gani, hivyo ni ya kachumbari na ya kupikia. Anayetengeneza achari ya kuweka akiba anunue siki ambayo lebo yake imeandikwa asidi asilimia 5.

SWALI: Sisi ni wakulima wa Hindi, Kaunti ya Lamu. Tutajuaje kwamba mahindi yamekauka vya kutosha kuingizwa ghalani?

JIBU: Tieni mahindi katika chupa kavu ya kioo yenye kifuniko mpaka theluthi, mwongeze vijiko vitatu vya chumvi iliyokauka kabisa, mtikise kwa dakika mbili au tatu, kisha muiache robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Isiposhika, yaanikeni siku moja zaidi juu ya turubai, maana lengo ni asilimia 13, ndipo yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa ambamo fukusi hufa bila dawa.

Msipuuze kipimo hiki. Mwaka 2004 sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini iliua watu 125 nchini mwetu, wengi wao Makueni na Kitui, waliokula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kuyapika hakuiondoi sumu hiyo. Mahindi yaliyoota ukungu wasipewe kuku, wala ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hupita hadi katika maziwa wanayokunywa watoto.