Asali ya Tabora na mgonjwa wa sukari: niliyojifunza nikimuuguza mama

Ukiuguza mgonjwa wa kisukari hapa Tabora, hutakosa mtu wa kukuambia kwamba asali haina neno. "Hii ya nyuki wadogo ndiyo dawa yenyewe," atakwambia, na kichupa anakukabidhi. Mama yangu anaishi nami kata ya Ng'ambo, hapa hapa Tabora, na karibu kila anayekuja kumjulia hali huja na chake. Siwalaumu, asali ni fahari yetu. Ila mwili hauulizi imetoka kwa nyuki gani. Sehemu kubwa ya asali ni glukosi na fruktosi, na kijiko kimoja cha chakula kina karibu gramu 17 za wanga. Akinywea chai asubuhi, mashine ya kupimia itasema yenyewe.

Hata hivyo vichupa sivitupi. Kimoja kinakaa kando ya kitanda chake usiku na mchana.

Mama ana kisukari cha aina ya pili. Insulini, kichocheo kinachoshusha sukari ya damu, inatengenezwa lakini mwili hauitiki vizuri, na miaka ikienda kongosho nalo linachoka. Alianza na vidonge vya metformini, sasa anachoma na sindano za insulini. Sisi tunaouguza huwa tunaogopa sukari kupanda tu. Kweli, ikikaa juu inaharibu macho, figo, mishipa ya fahamu na miguu, lakini kwa kawaida inachukua miaka. Sukari ikishuka sana inaweza kummaliza mtu usiku mmoja.

Ikifika chini ya 3.9 kwenye mashine inayosoma kwa mmol/L, imeshuka. Na hata kabla ya kupima utaona jasho la baridi, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio. Mwingine anakuwa mkali bila sababu au anaongea maneno yasiyoeleweka, na hapo ndipo majirani huanza kusema amepandisha mashetani, mara aitwe mtu wa kumsomea. Mpe kwanza kitu kitamu, hayo mengine yatasubiri. Kijiko kimoja cha chakula cha asali, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kisha subiri dakika 15 upime tena. Kama bado iko chini, rudia. Ikipanda, apate chakula, maana utamu ule haukai.

Akiwa amepoteza fahamu usimimine chochote mdomoni, atapaliwa. Mlaze kwa ubavu, tafuta bajaji, mkimbilie hospitali akawekewe glukosi kwenye mshipa. Na kama anatumia glibenklamaidi, vidonge vingine vya kushusha sukari, usiridhike kwa sababu ameamka na anacheka: dawa ile inakaa mwilini saa nyingi, na sukari inaweza kushuka tena. Mzee wa namna hiyo anapaswa kuangaliwa na wataalamu, hata kama yeye analalamika mnamsumbua. Metformini peke yake ni nadra kuleta shida hii.

Ramadhani tunakwenda kwa daktari kabla mwezi haujaandama, kwa sababu dozi na saa za dawa lazima zipangwe upya, na wengine huambiwa wasifunge kabisa. Anayefunga, akipima akakuta chini ya 3.9, anafungua palepale, hata kama adhana imebaki dakika chache.

Kwenye chakula sina mengi. Michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), ugali wa dona, ugali wa muhogo, wali, vyote ni wanga. Dona ni bora kuliko sembe lakini si ruhusa ya kujaza sahani. Mlenda na kisamvu vichukue nusu ya sahani.

Insulini ndiyo iliyonipa kazi, kwa sababu friji hatuna na Oktoba ya Tabora mnaijua. Kichupa kilichofunguliwa hudumu kama wiki nne mahali pasipo na joto kali. Tunatumia vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo. Kichupa kiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ukikihifadhi kwenye friji ya jirani, kisiguse barafu. Insulini iliyoganda ni ya kutupa hata ikiyeyuka. Ile yenye rangi ya maziwa unaiviringisha viganjani taratibu, hutikisi.

Miguu naikagua kila usiku kwa tochi, nyayo na katikati ya vidole. Mishipa ikishakufa ganzi, mtu anakanyaga msumari asijue. Wapo walioumwa na panya usingizini wakaja kuona damu kwenye shuka asubuhi, kwa hiyo chandarua kinachomekwa vizuri chini ya godoro na mabaki ya chakula hayalali chumbani. Maji ya kuoga nayapima mimi kwa kiwiko. Sugu hatukati kwa wembe. Hakuna kuota moto wa mkaa, hakuna peku hata uani.

Kidonda kikitokea, kiwe kidogo namna gani, ni kliniki siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Watu watakuja tena na asali, safari hii ya kupaka. Waambie asante, uiweke pale kando ya kitanda, na umpeleke mgonjwa akasafishwe kidonda.