Patroni husomwa ndani, si kwenye jalada: maswali ya wafumaji na washonaji wa Bukavu

Maswali ya safari hii yanatoka mitaa mbalimbali ya Bukavu, lakini karibu yote yana mzizi mmoja: kitabu cha patroni, yaani cha michoro na maelezo ya kufuma, kushona au kudarizi, kilinunuliwa kwa sababu ya picha, kikafika nyumbani kikagoma.

*Muuza vitabu pale Kadutu ananiwekea vitano mbele, vyote vina picha nzuri, na hapendi mtu apekuepekue. Nikipata dakika mbili tu, niangalie nini? — Mama wa Bagira*

Mama, dakika mbili zinatosha ukiziacha picha kando. Picha inathibitisha kwamba mpiga picha ni hodari, basi. Anza na ukurasa wa vifupisho na alama. Kitabu cha triko au cha kroshe kisicho na ukurasa huo kirudishe mezani hata kikiuzwa bei ya karanga. Kisha chagua modeli moja unayoitamani kweli, uisome toka orodha ya vifaa hadi mstari wa mwisho. Lazima ikupe saizi kwa sentimeta, uzito wa donge la uzi pamoja na urefu wake kwa mita, unene wa sindano, sampuli ya sentimeta 10 kwa 10 (yaani vitanzi vingapi viingie humo), na mchoro mdogo wa vipande wenye vipimo. Mchoro huo mdogo una thamani kuliko picha kumi: bila huo huwezi kujua kifua kitakuwa na upana gani, wala wapi pa kurefusha mkono.

Jarida la kushona lina hatari yake. Mali yote iko kwenye yale makaratasi makubwa yaliyokunjwa katikati, na la mitumba mara nyingi limeshachomolewa. Fungua katikati, hesabu makaratasi, ulinganishe na ukurasa wa maelezo: ukisema A, B, C na D, basi ziwepo zote. Kunjua angalau moja. Kama mwenye jarida wa kwanza alikata kwa makasi badala ya kunakili, saizi nyingine zimekwenda, na vilivyochapwa mgongoni mwa karatasi hiyo vimekwenda pia.

Kitabu cha kudarizi kwa misalaba, tazama mchoro unapovuka kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Kitabu kizuri hurudia safu mbili tatu kwa rangi ya kijivu ili ujue pa kuunganishia. Kibaya huacha mraba wa katikati umezwe na mshono wa kitabu, nawe utabuni pua ya mtu.

Mwishowe vifaa. Kama nusu ya modeli zinadai vitu usivyoweza kupata Kadutu wala Nyawera, hapo unanunua albamu ya picha.

*Nimezoea vitabu vya kroshe vya Kifaransa. Dada yangu ameniletea viwili vya Kiingereza kutoka Kampala. Kofia ya kwanza imetoka fupi kama kisahani, na mdoli wa kitabu cha pili ana matundu, pamba inaonekana. Hesabu nimefuata sawasawa. — Dada wa Nyawera*

Hesabu yako ni sahihi, tatizo ni majina. Waingereza na Wamarekani wana jina moja kwa vitu viwili, na sisi tunalipa kwa nyuzi. Kifupisho dc kwenye kitabu cha Marekani ni bridi, ile ndefu ya kupitisha uzi mara moja juu ya sindano. Kwenye kitabu cha Uingereza dc hiyohiyo ni kile kishono kifupi unachokijua kama ms. Kofia yako iliandikwa Kimarekani ukaifuma Kiingereza, na mdoli ulimfanyia kinyume chake.

Andika hii ndani ya jalada la kila kitabu. Ms ya Kifaransa ni sc ya Marekani na dc ya Uingereza. Nusu bridi ni hdc Marekani, htr Uingereza. Bridi ni dc Marekani, tr Uingereza. Bridi mbili ni tr Marekani, dtr Uingereza. Mnyororo ni ch pande zote mbili.

Kitabu kisiposema kinatoka wapi, tafuta sc popote ndani. Ikiwemo, ni cha Marekani, kwa sababu Waingereza wa siku hizi hawaitumii. Isipokuwemo, angalia mnyororo wa kupandia mwanzoni mwa safu ya dc. Vitanzi 3 maana yake ni bridi, kitanzi 1 maana yake ni kishono kifupi. Urefu wa mnyororo haudanganyi.

Hata vya Kifaransa usiviamini kwa macho yaliyofumbwa: db inaweza kuwa nusu bridi kwenye kitabu hiki na bridi mbili kwenye kile. Ndiyo maana tunang'ang'ania ukurasa wa vifupisho. Na ukikutana na kitabu cha Kijapani, usikimbie eti maandishi huyasomi. Vingi vimechorwa kwa alama: yai dogo ni mnyororo, msalaba ni kishono kifupi, T tupu ni nusu bridi, T yenye mkwaju (kistari cha mshazari) mmoja ni bridi, yenye miwili ni bridi mbili. Kwa mtu anayejua kuhesabu, hivyo ni rahisi kuliko vya Kifaransa.

*Nilinakili gauni kutoka jarida la Kijerumani, saizi kulingana na kifua cha mteja, sentimeta 96. Nikashona kwa kitenge. Halikupita hata mabegani. Patroni ni mbovu? — Fundi wa Kadutu*

Fundi, patroni huenda ni nzima kabisa. Yako mambo matatu, na wakati mwingine yanakuja yote pamoja.

La kwanza, nafasi ya mshono. Patroni za Burda, jarida la Kijerumani la kushona, ambazo ndizo nyingi katika majarida ya mitumba, zimechorwa bila nafasi hiyo. Mstari uliochapwa ndio mstari wa kushonea, wewe unatakiwa kuongeza sentimeta 1.5 kila ukingo na sentimeta 4 za pindo la chini. Tuhesabu: gauni lenye mishono miwili ya pembeni na mmoja wa mgongoni lina kingo 6. Sita mara 1.5 ni sentimeta 9. Ukikata juu ya mstari halafu ukashona ndani yake, umemnyang'anya mteja sentimeta 9 za kuzunguka kifua. Hakuna anayepita hapo. Majarida mengine huwa yameshaweka nafasi hiyo tayari, kwa hiyo soma sentensi inayohusu jambo hili kabla ya kushika makasi. Imo katika ukurasa wa maelezo ya jumla, ule ambao kila mtu anauruka.

La pili, fotokopi. Mashine ikipunguza hadi asilimia 97, na baadhi hufanya hivyo bila kukuuliza, kifua cha 96 kinakuwa 93.1. Mwambie kijana wa fotokopi aweke 100, kisha pima mwenyewe kwa rula ule mraba wa majaribio au mstari wowote wenye kipimo. Lakini bora unakili kwa mkono: karatasi ya mfuko wa simenti, iliyokung'utwa na kupanguswa vizuri, ni imara na haichaniki kwenye kona. Pitisha rangi juu ya mstari wa saizi yako kabla ya kunakili, maana pale mistari ya saizi sita inapokatana kwenye kwapa, jicho huhama njia bila wewe kujua. Nakili pia mshale wa uelekeo wa nyuzi, alama za kukutanishia na pensi za kifua (ile mikunjo ya kushonwa inayoumba kifua). Patroni isiyo na alama hizo ni karatasi tu.

La tatu ni kitambaa. Kama maelezo yanataka kitambaa cha kuvutika, modeli hiyo si ya kitenge, na hakuna ufundi utakaoiokoa. Patroni ya kuvutika inaweza kulingana na mwili au hata kuwa ndogo kuliko mwili, wakati gauni la kitenge la kubana kiasi linahitaji sentimeta 6 hadi 8 za kupumua kifuani. Dalili yake ni rahisi: gauni la kubana lisilo na zipu wala kifungo.

Halafu upana. Jarida likisema mita 1.60 za kitambaa cha sentimeta 140, kitenge chako kina kama 115 tu. Zidisha 1.60 kwa 1.40, upate 2.24, gawa kwa 1.15, ni karibu mita 2. Kama kitenge kina ndege au maua yanayotazama juu, ongeza robo, iwe mita 2.50. Yadi 3 ni mita 2.74, zinatosha. Ila kwanza tandaza vipande chini: kipande kimoja cha sketi pana chenye upana wa sentimeta 120 hakitaingia hata ukinunua yadi 6. Na saizi usiulize kwa nambari. 38 ya Kijerumani ni 40 ya Kifaransa. Kwa gauni na blauzi fuata kifua, kwa sketi na suruali fuata nyonga.

*Baridi ya Bukavu inanilazimisha kumfumia mjukuu sweta. Kitabu kinataka madonge 8 ya gramu 50, kila moja mita 120. Ninachopata ni akriliki ya gramu 100 isiyo na lebo. — Bibi wa Panzi*

Shikamoo bibi. Usihesabu madonge, hesabu mita: 8 mara 120 ni mita 960. Sasa kunjua mita 20 za uzi wako, uziweke kwenye mizani ndogo. Tuseme zina gramu 10. Basi gramu 100 zina mita 200, na 960 ukigawa kwa 200 ni 4.8. Nunua madonge 5, yote siku moja, kutoka gunia moja. Lebo ikiwepo, angalia nambari ya rangi na ya bain (mkupuo wa kutia rangi) zifanane, la sivyo mikono itakuwa na wekundu wake na kifua wekundu wake, na utauona siku ya jua.

Halafu sampuli. Fuma mraba wa sentimeta 15, ufue, uuache ukauke, ndipo upime sentimeta 10 za katikati. Kitabu kinataka vitanzi 22, wewe umepata 20. Ni tofauti ndogo kwa macho, lakini kipande cha vitanzi 110 kinachotakiwa kuwa sentimeta 50 kitakuwa 55, na sweta nzima 110 badala ya 100. Punguza sindano kwa nusu milimita, rudia. Akriliki usiipige pasi: joto huilegeza na hairudi.

Tahadhari moja ya sindano. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5, namba 8 ya zamani ya Uingereza ni milimita 4, na 8 katika vitabu vya Kifaransa vya siku hizi ni milimita 8 kweli. Kwa Waingereza wa zamani namba ikipanda sindano inakonda. Fuata milimita peke yake.

Kuhusu saizi ya mtoto: nambari kama 62, 68 au 74 ni urefu wake kwa sentimeta, si umri. Mpime.

*Mchoro wa misalaba niliofotokopi kwa nyeusi na nyeupe umegeuza rangi nne kuwa kijivu kimoja. Na nitajuaje kitambaa kitatosha? — Dada wa Nguba*

Mchoro huo ulitegemea rangi tupu. Ukinunua kingine, chagua chenye alama ndani ya kila mraba (nyota, duara, mkwaju), mistari minene kila miraba 10, na mishale ya katikati. Hicho hata fotokopi mbovu haikiui. Kilichopo kipige picha ya rangi, ukifungue kwenye simu, ukiandika alama zako kwa penseli juu ya fotokopi.

Kitambaa ni hesabu ya kugawanya. Mchoro wa misalaba 140 kwa 98, kwenye Aida (kitambaa cha misalaba chenye miraba iliyo tayari) ya 14, yaani misalaba 5.5 kwa sentimeta, unatoka sentimeta 25.5 kwa 17.8. Ongeza 5 kila upande: kata 36 kwa 28. Kwenye Aida ya 11 mchoro huohuo unakuwa karibu 32 kwa 23, kwa hiyo ukibadilisha kitambaa rudia hesabu. Ukikosa Aida, tumia kitambaa kisichobana unachoweza kuhesabu nyuzi zake, uvuke nyuzi mbilimbili. Lakini hesabu nyuzi za urefu na za upana katika sentimeta 5. Zisipolingana, duara litakuwa yai.

Kibunda cha uzi wa kudarizi wa DMC kina mita 8 na nyuzi 6 ndani. Kwa Aida ya 14 tumia nyuzi 2. Nyekundu yoyote isiyo na lebo ilowanishe na uibane kwenye kitambaa cheupe kabla ya kuanza.

*Natumia mkono wa kushoto. Kuna vitabu vyangu? — Kijana wa Muhungu*

Huhitaji kitabu maalumu cha kroshe. Maelezo ya maneno fuata yalivyo, mchoro usome kinyume: mwenye mkono wa kulia anaanza upande wa kulia, wewe anza wa kushoto. Kazi ya maneno itatoka kama kwenye kioo, ya mchoro uliosomwa hivyo itatoka kama ilivyochorwa. Kwa naperoni, kile kitambaa kidogo cha mezani, kioo hakidhuru. Kwa kizibao, kipande kilichoandikwa cha mbele kushoto kitakuwa cha kulia, hivyo vifungo vitahamia upande wa pili. Herufi zilizoandikwa kwa maneno ndizo zitakazogeuka, hizo fuata mchoro ukianzia kushoto.

*Mvua imeingia darini, jarida limelowa pamoja na makaratasi ya patroni. Nitupe? — Mama wa Kadutu*

Usitupe, na usianike juani. Kunjua makaratasi yangali na unyevu, kwa sababu yakikaukia ndani ya mikunjo yatagandana na wino utahamia upande wa pili. Yatandaze kati ya vitambaa vikavu vya pamba, weka ubao na uzito juu, badilisha vitambaa kila saa chache siku ya kwanza. Karatasi ikikauka, pima tena mraba wa majaribio kwa urefu na kwa upana: iliyolowa hutanuka na kurudi bila usawa. Ikipungua milimita 2 katika sentimeta 10, kwenye kifua cha 96 ni karibu sentimeta 2, zigawe kwenye mishono ya pembeni unaponakili.