Re: Nimefukuzwa kazi kisa ugomvi wa baa na mfanyakazi mwenzangu

Pole sana mkuu. Kama nimekuelewa, mlizinguana Jumamosi usiku, hamkuwa zamu wala hamkuvaa yunifomu, Jumatatu HR wakakupa barua ya kuachishwa.

Cha kwanza kabisa angalia tarehe ya hiyo barua. Una siku 30 tu kufungua mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanaoshughulikia migogoro ya kazi), unajaza fomu namba 1, na usikubali kuzungushwa na "subiri bosi arudi safari" maana mimi nilizungushwa hivyo hivyo wiki mbili nzima. Halafu umefanya kazi muda gani? Chini ya miezi 6 dai la kuachishwa isivyo halali linakuwa gumu.

Pili, ulifanyiwa kikao cha nidhamu? Unatakiwa upewe angalau masaa 48 ujiandae, na uingie na mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi. Mimi wito nilipewa saa kumi jioni, kikao kesho yake saa tatu asubuhi, ile karatasi ya wito ndio iliniokoa kwenye usuluhishi.

Kwamba ilikuwa nje ya kazi inakusaidia ila sio kinga, watasema huyo jamaa mko naye shifti moja anakuogopa, na mwajiri ndiye anatakiwa athibitishe hilo, sio wewe. Mkataba wako sijauona, kasome kanuni za nidhamu zinasemaje kuhusu ugomvi nje ya kazi.

Na meseji za yule jamaa usifute hata moja, hata zile ulizomtukana wewe.