Ukungu kwenye tanga la ngalawa
Kaka, hayo madoa meusi unayosema yameota kwenye tanga baada ya masika ni ukungu tu, usilitupe. Sugua na brashi laini na maji ya sabuni. Yakigoma ndo uweke jiki kidogo sana kwenye ndoo ya maji, dakika kumi, halafu suuza na maji ya bomba mengi mpaka harufu iishe maana jiki ikibaki inakula nyuzi, na kama tanga ni la nailoni jiki usiitumie kabisa, wala usiichanganye na siki, mvuke wake utakukaba koo. Mi hapa Sahare, jijini Tanga, langu nililikunja bichi, wiki mbili tu likanuka kama kapu la dagaa, madoa mengine yapo mpaka leo ila upepo linashika. Anika vizuri hasa kwenye mishono, chumvi ikibaki pale inavuta unyevu.