Karakana ya Nyumbani Inayokalika: Ushauri kwa Seremala wa Jioni na Jumamosi

Watu wanaotaka kuanza useremala nyumbani huniuliza swali moja karibu kila mara: wanunue msumeno gani wa umeme, na je, randa ya mashine ni ya lazima? Mimi huwauliza kwanza kama banda lao la gari lina dari. Karakana yangu iko Kigamboni, ndani ya banda ambalo mjenzi alilikusudia gari moja dogo, na kwa miaka niliyofanya kazi humo baada ya saa za ofisi nimeshikilia msimamo ambao baadhi ya marafiki huuona wa kidekezi: fedha za mwanzo ziende kwenye paa, hewa, umeme na mwanga, na mashine zifuate baadaye. Mtu anayefanya kazi kwa hiari yake, asiyesubiriwa na mteja, ataacha kwenda mahali panapomtesa hata kama pamejaa mashine za kisasa. Na akijilazimisha, atafanya kazi akiwa amechoka, na uchovu ndio unaosogeza kidole karibu na meno ya msumeno.

Kwetu pwani, adui wa kwanza ni joto. Dar es Salaam, kati ya Desemba na Machi, mchana hupita nyuzi 30 karibu kila siku, na bati tupu lililopigwa na jua tangu asubuhi huwa na moto kuliko hewa yenyewe, kisha humshushia aliye chini yake moto huo hata baada ya jua kuanza kuinama. Feni peke yake haiondoi tatizo hili, kwa sababu joto la bati hufika mwilini moja kwa moja, kama lile la jiko la mkaa, bila kusubiri kubebwa na upepo. Dawa yake ni kuweka kitu kati ya bati na kichwa: dari ya plaiwudi au ya jipsamu, yenye nafasi ya hewa juu yake na matundu ya kuitoa hewa hiyo nje. Kulipaka bati rangi nyeupe kwa nje nako kunasaidia sana na ni rahisi kuliko dari, ingawa vumbi la barabara zetu hulifanya liwe la kahawia upesi, hivyo lazima lioshwe mara kwa mara.

Baada ya dari, tazama njia ya upepo. Banda la gari kwa kawaida lina uwazi mmoja mkubwa mbele na kuta tatu zilizozibwa kabisa, kwa hiyo upepo hata ukivuma kwa nguvu hauna pa kutokea. Bomoa sehemu ya juu ya ukuta unaoelekeana na geti ujenge matofali ya matundu, na tofauti utaiona siku hiyo hiyo. Wanaojenga upya wana nafasi nzuri zaidi: kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki na kusi hutoka kusini-mashariki, maana yake ukuta wa mashariki wenye matundu utakupatia hewa katika misimu yote miwili, wakati ukuta wa magharibi, ambao hupigwa na jua kali la alasiri, ni bora uzibwe na upandiwe mti wa kivuli kwa nje. Kuhusu feni, sishauri pangaboi katika banda lenye dari ya chini, kwa kuwa siku moja utanyanyua ubao wa futi nane na kugonga mapanga yake. Funga feni ya ukutani nyuma ya mahali unaposimama, ili isukume hewa na vumbi kuelekea getini, na usiielekeze usoni, maana hapo itakurudishia machoni kila chembe uliyoikata.

Jambo la umeme linahitaji uangalifu mkubwa kuliko yote, na ndilo ninaloona likifanywa ovyo katika karakana nyingi za nyumbani. Plagi ya pini tatu bapa tunayoitumia Tanzania ina fyuzi isiyozidi ampea 13, na kwa umeme wa volti 230 kiasi hicho ni takriban wati 3,000. Msumeno wa meza wa wati 1,800 na mashine ya kufyonza vumbi ya wati 1,200 zikichomekwa kwenye ekstensheni moja zimekwisha kufika ukomo huo kabla hujawasha taa, na kila injini inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi zaidi kwa muda mfupi. Ekstensheni iliyobaki imeviringishwa kwenye gurudumu lake ni hatari ya ziada, kwa kuwa joto la waya halina pa kwenda na plastiki huyeyuka taratibu bila mtu kujua. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, akuvutie laini maalumu kutoka kwenye kisanduku kikuu cha nyumba, kwa waya wa milimita za mraba 2.5, yenye breka yake, ethi iliyopimwa, na kifaa cha kukata umeme unaovuja chenye kiwango cha miliampea 30. Mwambie soketi aziweke juu ya usawa wa meza, kwa kuwa zilizoko karibu na sakafu zitazibwa na mbao katika wiki ya kwanza.

Taa nazo ziwe kwenye laini tofauti na mashine. Sababu yake watu hawaifikirii mpaka iwatokee: mashine ikizidiwa na kuangusha breka, taa zisizime pamoja nayo, kwani msumeno huendelea kuzunguka kwa sekunde kadhaa baada ya umeme kukatika, na hutaki kuwa gizani mkono ukiwa mezani. Vilevile, umeme wa mtaa unapokatika katikati ya kazi, zima swichi ya kila mashine kabla ya kuondoka; mashine iliyoachwa imewashwa itaanza kuzunguka yenyewe umeme utakaporudi, pengine wakati mtoto ameingia kuchukua baiskeli. Kuna swichi za aina maalumu ambazo umeme ukikatika hujifunga na haziwaki tena mpaka zibonyezwe upya. Mashine isiyo na swichi hiyo inaweza kuwekewa, na mimi naihesabu kuwa ya lazima katika nchi ambayo umeme huja na kuondoka.

Wanaoogopa kwamba starehe hizi zitamaliza uniti za umeme wa LUKU wafanye hesabu kidogo. Feni ya wati 60 ikiwaka saa nne haifiki hata robo ya uniti, ilhali msumeno wa wati 1,800 ukifanya kazi kwa nguvu zake zote unakula kiasi hicho kwa takriban dakika nane.

Mwanga mmoja katikati ya dari haufai, kwa sababu ukisimama mbele ya meza kivuli chako mwenyewe kinaangukia mstari unaotaka kuufuata. Weka taa mbili ndefu za LED, moja juu ya ukingo wa mbele wa meza na nyingine juu ya mashine, na kuta zipake rangi nyeupe ili zirudishe mwanga. Zile tyubu za zamani zenye chombo kizito cha kuwashia hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kwa mwendo fulani mashine inayozunguka inaweza kuonekana imesimama, jambo ambalo katika karakana si la mzaha. Ongeza taa ndogo inayohamishika: ukiilaza pembeni ya ubao, kila mkwaruzo ulioachwa na msasa huonekana kabla ya vanishi kuufichua. Neti madirishani pia ni ya muhimu, na si kwa ajili ya mbu tu. Jioni baada ya mvua za kwanza kumbikumbi hufuata taa kwa mamia, na meza iliyopakwa vanishi saa moja iliyopita ndipo mahali wanapopapenda kuliko pote.

Vumbi la mbao watu hulichukulia kama uchafu wa kufagia, na hapo ndipo ninapotofautiana vikali hata na mafundi samani wazuri wa Keko, Dar es Salaam, ambao nimejifunza mengi kwao. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na matundu yake. Mninga, ambao tunaupenda kwa rangi yake na kwa jinsi unavyotulia baada ya kukauka, una vumbi ambalo huwawasha watu wengine pua na ngozi, na kwa baadhi yao huleta pumu. Maranda makubwa ya randa hayana shida sana. Kinachodhuru ni unga laini wa msasa wa mashine, ambao hubaki ukielea muda mrefu baada ya wewe kuzima na kudhani kazi imekwisha. Kwa hiyo kifyonza vumbi nakiweka mbele ya randa ya mashine katika orodha ya manunuzi, na barakoa ya kiwango cha FFP2 au N95 mbele ya vyote viwili, maana kitambaa kilichofungwa puani hakizuii unga huo. Msasa wa mashine fanyia nje ya banda ikiwezekana, upepo ukiwa mgongoni. Masikio nayo yanastahili kinga: kwa vipimo vinavyotumiwa na wataalamu wa afya ya kazini Marekani, kelele ya desibeli 100, ambayo grinda huifikia bila shida, haipaswi kusikilizwa zaidi ya dakika 15 kwa siku.

Meza ya kazi iwe nzito, na urefu wake upimwe kwa mwili wa mwenyewe. Simama wima mikono ikining'inia. Usawa wa kifundo cha mkono ni kipimo kizuri kwa kazi za kawaida, na anayepiga randa ya mkono kwa wingi ateremshe kidogo ili uzito wa mwili umsaidie. Jiliwa, yaani kifaa cha kubania ubao, lifungwe imara kwenye kona. Jihadhari na sakafu: mabanda mengi ya magari humwagwa zege kwa mteremko wa kuelekea getini ili maji yatoke, kwa hiyo meza itayumba isipowekewa miguu ya kurekebishika. Ukilazimika kuligawana banda na gari, kila kitu kizito kiwe juu ya magurudumu yenye breki. Na mahali unaposimama tandika mkeka mnene wa mpira, kwa kuwa zege huumiza miguu na kiuno, na patasi ikianguka juu ya mkeka haiharibiki ncha.

Kutu haihitaji maelezo marefu kwa mtu wa pwani. Hewa ya chumvi na jasho la viganja hula chuma usiku kucha, kwa hiyo patasi na misumeno vikae ndani ya kabati linalofungwa badala ya kutundikwa ukutani kwa madoido, na vifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kabla ya kurudishwa. Mbao nazo zilazwe kwenye vyuma vya ukutani, mbali na sakafu, ambako mchwa watazifikia kabla yako.

Kuna vitu vidogo ambavyo hakuna duka la vifaa Gerezani litakalokukumbusha: stuli ya kukaa unapopiga mahesabu, chupa kubwa ya maji ya kunywa, bomba na sabuni karibu na mlango ili usiingie sebuleni na gundi mikononi, na saa ya ukutani inayoonekana kutoka kila pembe. Saa hiyo inawahusu majirani pia. Mimi mashine zenye kelele nazizima kabla ya magharibi na baada ya hapo nafanya kazi za mkono tu, na sijawahi kuitwa kwa mjumbe.

La mwisho ni moto na hewa chafu. Jenereta isiwashwe ndani ya banda hata geti likiwa wazi, wala gari lisiachwe likinguruma humo, kwa kuwa kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi na humlegeza mtu kabla hajashtuka. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya mbegu za kitani hupata joto vyenyewe vinapokauka, na vikirundikwa pamoja vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au vizamishe ndani ya kopo la bati lenye maji na kifuniko. Tina na vanishi vihifadhiwe mbali na grinda, na mtungi wa unga wa kuzimia moto utundikwe karibu na mlango wa kutokea, mahali utakapoufikia ukiwa unakimbilia nje.